Laini Inatumika

Mto uliandika namba moja kila dakika, na kazi ya Fundi ilikuwa kuitazama ikiingia. Hapo ndipo ulipoishia utaalamu wake wote, baada ya miaka miwili ya chuo na majigambo ya ukoo mzima kwamba mtoto wetu anasomea kompyuta. Namba ilisafiri kilomita arobaini kwa waya wa simu, kutoka kibanda cha vipimo kule juu kwenye korongo hadi chumbani kwake ofisini, ikapita kwenye modemu, kisanduku cheusi cha kugeuza milio ya simu kuwa namba, kisichozidi ukubwa wa kamusi, ikatokea kwenye kioo: 2.14. Dakika ikipita, nyingine: 2.14. Hizo ni mita za maji. Zikifika tano, Fundi alitakiwa kubonyeza kitufe chekundu ukutani, king'ora kilie juu ya paa, na watu wa mtaa wa chini wabebe watoto wao wakimbilie mlimani. Kitufe chenyewe kilikuwa kimeota vumbi.

Hakuna binadamu anayeweza kukodolea macho namba mchana kutwa akabaki na akili zake. Kwa hiyo Fundi aliandika skripti, ukurasa mmoja na nusu wa maagizo, imsaidie kuangalia. Namba zikiingia, skripti iliandika SALAMA kwa kijani. Zikikatika, iliandika kwa nyekundu sababu ya kukatika, ikakata simu na kupiga tena yenyewe, mpaka ipate. Ukubwa wa namba haikuuangalia. Hilo Fundi alijiachia mwenyewe, maana alisema macho anayo. Wenzake ofisini wakaibatiza skripti hiyo jina la Mlinzi, na yeye akavimba kichwa. Alimpenda Mlinzi wake kuliko inavyofaa kupenda kitu kisichokula wala kulala.

Upande wa pili wa waya alikaa kaka yake. Huyo watu walimwita Bwana Mita, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa alikuwa akisoma mita zilizochorwa kwenye ubao uliosimikwa mtoni, asubuhi na jioni, na kupiga simu ofisini kuzitaja. Mshahara wa kusoma ubao ndio uliomsomesha Fundi. Kisha Fundi akarudi kutoka chuoni na mashine: boya linaloelea ndani ya bomba, waya, gurudumu dogo la kuhesabu, na modemu ya pili ya kupokea simu. Siku ya kuifunga, Bwana Mita alilizungusha lile gurudumu kwa mkono, juu hadi mita sita, chini hadi sifuri, juu tena, chini tena, na Fundi akiwa ofisini akaziona namba zikirukaruka kwenye kioo, akacheka peke yake hadi machozi. Zilikuwa salamu za kaka yake. Tangu siku hiyo kazi ya Bwana Mita ikabaki kufyeka nyasi na kusafisha mdomo wa bomba usizibwe na tope.

Ugomvi wao ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa wa simu. Kule kibandani palikuwa na laini moja na ofisini palikuwa na laini moja. Mashine zikiwa zinaongea, watu hawaongei. Simu ya mkononi haikushika korongoni hata kwa dawa, na simu ya kibandani ilifungwa na wakubwa isipige ovyo: iliruhusiwa namba mbili, ya ofisi, na ya duka la mke wa Bwana Mita, fundi cherehani, lililokuwa ng'ambo ya barabara mkabala na ofisi. Hiyo ya pili Mkuu wa ofisi aliiruhusu kwa huruma, na Bwana Mita aliitumia hasa. Mara mbili tatu kwa wiki alichomoa waya kwenye modemu, akauchomeka kwenye simu, akapiga soga na mkewe nusu saa nzima. Ofisini Mlinzi alikuwa akigeuka mwekundu: LAINI INATUMIKA.

"Kaka, laini ni ya mto, si ya mapenzi," Fundi alimwambia siku alipoteremka mjini.

"Mto hauna mke, mdogo wangu. Mimi ninaye."

"Nitakubana, utaona."

Akambana kweli. Zamani Mlinzi alikuwa akisubiri dakika mbili kabla ya kupiga tena. Fundi akapunguza zikawa sekunde tano. Sasa Bwana Mita akichomoa waya, modemu ya ofisini inapiga, inakuta inatumika, inavuta pumzi tano, inapiga tena, mchana kutwa. Akithubutu kuweka mkono wa simu chini, simu yake inalia hapo hapo, na akiipokea anakuta filimbi ya mashine ikimtoboa sikio. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Fundi hakulipima vizuri: kwa muda wote huo laini ya ofisi nayo inakuwa imeshikwa na Mlinzi. Bwana Mita, ambaye hakwenda chuo, alilipima mara moja.

"Sasa siku nikiwa na neno na wewe nitakupataje?" aliuliza.

"Neno lako litakuja kwa namba, kama la mto," Fundi alijibu, na wote wawili wakacheka.

Kulikuwa na mambo mengine mawili, madogo, ya kutafuta utulivu tu. Modemu ilikuwa na spika ndani, na kila ilipopiga simu ilipayuka kama paka aliyekanyagwa mkia. Mpiga chapa wa chumba cha pili alilalamika kwamba anakosea barua. Fundi akaongeza neno moja kwenye skripti, spika ikanyamaza. Na kwa kuwa alichoshwa na sababu nyingi nyingi za kukatika, aliiagiza skripti iandike kwenye kioo LAINI INATUMIKA kwa kila simu isiyofanikiwa, hata iliyopokelewa na mtu badala ya mashine. Sababu zenyewe za kweli ziliwekwa kwenye faili ambalo hakuna aliyelifungua.

Siku yenyewe jua lilikuwa linawaka mjini. Milimani mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, lakini hiyo hutaijua ukiwa umekaa chini ya feni. Kioo kilisema 2.14, SALAMA. Kilikuwa kimesema hivyo tangu saa nne asubuhi bila kupungua wala kuongezeka hata sentimita, na mto gani unaotulia namna hiyo? Fundi hakujiuliza. Namba zinaingia, kijani kinawaka, basi. Angejiuliza, angejua kwamba mdomo wa bomba umeshazibwa, na boya linaelea kwenye maji ya asubuhi huku mto wenyewe ukipanda nje.

Saa nane na dakika kumi na nane Mlinzi akageuka mwekundu. LAINI INATUMIKA.

"Ameanza," Fundi akasema kwa sauti, na mpiga chapa akacheka ng'ambo ya ukuta.

Akaacha. Akanywa chai. Sekunde tano, LAINI INATUMIKA. Sekunde tano, LAINI INATUMIKA. Mistari myekundu ikajaa kioo, ikaanza kupanda juu na kupotea. Saa nane na nusu akaguna. Saa tisa kasoro robo akaanza kutoa maneno ambayo mdogo hamwambii kaka yake. Angeweza kumsimamisha Mlinzi kwa kidole kimoja. Angemsimamisha tu, simu ya mezani ingelia. Lakini hasira ilikuwa imempanda, na aliyataka yale mashindano. Alitaka kuona ni nani atachoka kwanza, kaka yake au skripti yake. Skripti haichoki. Hilo ndilo lililokuwa likimfurahisha.

Saa tisa kasoro dakika mbili uvumilivu ukamwishia. Akaamua kwenda kumgombeza yule wa upande wa pili wa soga. Akatoka hivyo hivyo na kikombe mkononi, akavuka barabara huku akipanga maneno: shemeji, nakuheshimu, lakini huyu mumeo ataniharibia kazi.

Duka lilikuwa limefungwa. Kufuli kubwa kwenye komeo, pazia limeteremshwa. Muuza vitabu wa jirani akamwambia kwamba fundi cherehani ameenda kununua nyuzi tangu saa saba, hajarudi.

Fundi akasimama na kikombe chake. Kama shemeji hayupo, kaka anaongea na nani?

Ndipo simu ikalia ndani ya duka. Ililia kwa muda mrefu nyuma ya mlango, mbele ya cherehani isiyo na mtu, ikalia kama inavyolia simu ya mtu asiyetaka kukubali kwamba hakuna wa kuipokea. Fundi alisogea akaweka kiganja kwenye ubao wa mlango. Namba mbili. Simu ya kibandani iliruhusiwa namba mbili tu. Maana yake ilimwingia polepole: kaka alikuwa akiitafuta ofisi. Akalivuta kufuli kama mwizi. Akapiga mlango kwa bega. Simu ikanyamaza.

Kikombe alikiacha hapo hapo chini, akakimbia.

Alipoingia chumbani, kioo kilikuwa cha kijani.

Bwana Mita alikuwa ameacha kupiga simu. Alikuwa ameurudisha waya kwenye modemu, na Mlinzi, kwa ule ung'ang'anizi wake, akaipata laini sekunde hiyo hiyo. Namba zilikuwa zinaingia.

6.30 SALAMA.

0.00 SALAMA.

6.40 SALAMA.

Mgeni angesema mashine imeharibika. Hakuna mto unaoshuka mita sita kwa dakika moja na kupanda tena. Fundi alijua. Ule ulikuwa mkono juu ya gurudumu, juu na chini, kama siku ile ya kuifunga mashine. Neno lako litakuja kwa namba. Ikaingia sifuri nyingine, na kabla Mlinzi hajamaliza kuandika SALAMA yake Fundi alikuwa amekibonyeza kitufe, kwa ngumi, na vumbi likamrukia.

King'ora kikalia. Watu wakajaa madirishani. Mpiga chapa akaanza kupiga kelele. Fundi hakuondoka kwenye kioo.

6.70 SALAMA.

"Toka, kaka," akaiambia modemu. "Nimekuona. Nimeshabonyeza. Toka upande juu."

Kutoka kibandani hadi juu ya korongo zilikuwepo ngazi za mawe, dakika kumi kwa mtu wa umri wake. Lakini modemu ile ilipokea namba tu, haikuwa na njia ya kurudisha neno. Kule juu Bwana Mita hakuwa na dalili yoyote kwamba ameonekana. King'ora hakisikiki kilomita arobaini. Kwa hiyo aliendelea kuzungusha.

0.00 SALAMA.

6.95 SALAMA.

Kisha ikapita dakika, ikapita ya pili. Mlinzi akageuka mwekundu, akakata, akapiga, na safari hii hapakuwa na mlio wowote kwenye waya.

Maji yalifika mtaa wa chini kabla ya saa kumi na moja. Yalibomoa nyumba, yakabeba mabati, vitanda na ng'ombe, lakini hayakubeba mtu. Watu wote walikuwa mlimani wakiangalia. Bwana Mita alipatikana siku ya tatu, chini kabisa, mto ulikopinda. Kidole chake cha shahada na kiganja vilikuwa vimechunika kwa lile gurudumu.

Ofisi ilifurahi, kama ofisi zinavyofurahi. Mkuu alisimama mbele ya wafanyakazi akasema tumeokoa watu mia tisa kwa mashine ya kisasa na kijana wetu hodari. Akampa Fundi cheti chenye fremu. Fundi alikipokea kwa mikono miwili, akasema asante mzee, akarudi kukaa. Msibani nako watu walikuwa na swali lao, na walilinong'ona bila kujificha sana: huyu marehemu alikaa na simu mkononi, kwa nini hakupiga mapema? Alikuwa amelala? Mmoja akasema, si mnajua alivyokuwa na soga. Shemeji alilisikia hilo. Fundi naye alilisikia, akainamisha kichwa akakaa kimya, na ukimya ule ulimchafua zaidi ya chochote alichowahi kukifanya maishani mwake.

Siku ya tisa alifungua lile faili. Hakuhitaji kulifungua, alijua lina nini. Akalichapisha kwenye karatasi, kurasa tatu, akavuka barabara.

Shemeji yake alikuwa kwenye cherehani, kanga nyeusi begani, anapinda shati la mtu. Mguu wake haukuacha kukanyaga.

"Karibu, shemeji. Kaa hapo kwenye hicho kigoda. Umekula?"

"Sina njaa. Shemeji, nimekuja kukuambia jambo, na ukinifukuza nitaondoka."

Mguu ukaacha.

Akamweleza. Alianza na sekunde tano, akaeleza jinsi simu mbili zinavyoweza kutafutana na kila moja kuikuta nyingine inatumika kwa sababu inatafutwa. Hakujitetea. Alisema alikuwa ameketi pale, anakunywa chai, anamshindanisha kaka yake na mashine. Akasema kaka hakulala, shemeji, na wala hakuwa akipiga soga. Alinipigia tangu saa nane na dakika kumi na nane mpaka saa tisa na dakika tatu. Ni mimi niliyekuwa nimeziba.

Mjane alisikiliza huku akiuvuta uzi mmoja uliolegea kwenye shati.

"Na huku alipiga," akasema. "Siku ile nilikuwa nimefuata nyuzi. Nyuzi za bluu. Kumbe ninazo mbili kwenye droo."

Fundi akazinyoosha zile kurasa tatu magotini.

"Karatasi hiyo ya nini?"

"Kila mara Mlinzi alipopiga, aliandika. Mara themanini na tisa laini ilikuwa inatumika. Na mara saba ilipokelewa."

"Ilipokelewa na nani?"

"Na yeye. Akiweka simu chini ili apige tena, yangu ilikuwa inaingia. Aliipokea mara saba. Mashine yangu ikasubiri filimbi, haikuisikia, ikakata. Kila mara karibu nusu dakika."

Yule mama alinyoosha mkono akaichukua karatasi, akaitazama kana kwamba maneno yangejitokeza yenyewe. "Kwa hiyo alikuwa anaongea. Mara saba alikuwa kwenye simu na wewe, anaongea."

"Ndiyo."

"Alisema nini?"

Nje mtu alikuwa akipigilia misumari, anaezeka upya.

"Sijui, shemeji," Fundi akasema. "Nilikuwa nimezima spika."

Akaanza kulia, kilio kibaya cha mwanamume asiyezoea, cha kwikwi na makamasi. Shemeji yake hakumbembeleza wala hakumfukuza. Alisubiri. Kilipopungua, akamrudishia ile karatasi.

"Macho yangu hayaoni herufi ndogo," akasema. "Nisomee hizo saba. Saa zake."

"Shemeji..."

"Soma."

Fundi akajifuta kwa mkono wa shati, akatafuta mstari wa kwanza. "Saa nane na dakika ishirini na sita." Mjane akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepokea ujumbe. "Saa nane na dakika thelathini na moja. Saa nane na dakika thelathini na saba." Hapo kwenye thelathini na saba alikumbuka kwamba alikuwa akikoroga sukari. Akasoma ya nne, ya tano, na ya sita, na kila moja yule mama aliipokea na kunyamaza, nusu dakika nzima, ndipo akaashiria aendelee.

"Na ya mwisho?"

"Saa tisa kasoro dakika moja," Fundi akasema. "Nilikuwa navuka barabara, nakuja kukugombeza."